Miwani, darubini, na miaka 350 ya kusahauliwa

Kama unavaa miwani na umewahi kupewa darubini ya macho mawili, zile ambazo madereva wa watalii huning'iniza shingoni, basi unajua tayari ninachotaka kusema. Mwenzako asiye na miwani anaiweka machoni, anazungusha gurudumu la katikati, anaanza kelele: "Yule pale! Chini ya mgunga!" Wewe unapokea, unaweka, na unachokiona ni viduara viwili kama unachungulia chumba cha jirani kupitia tundu la ufunguo. Unavua miwani: ukungu. Unavaa tena: tundu la ufunguo. Mwisho unairudisha kwa adabu na kusema ndiyo, umemwona simba. (Hujamwona.)

Wengi wetu wavaa miwani tunadhani kosa ni la macho yetu. Mimi nimekuja kuamini kwamba kosa hili lina historia yake, na historia hiyo ina mwaka wa kuanza, 1608, na mwaka lilipoanza kurekebishwa, 1958. Piga hesabu: miaka 350. Katika muda wote huo mtu mwenye miwani hakuwamo kichwani mwa watengenezaji, wakati chombo chenyewe, kama tutakavyoona, kilitoka nyumbani kwake.

Kwanza jina. Darubini ni neno la Kiajemi: dur ni mbali, bin ni mwenye kuona. Mwona mbali. Sasa jiulize, nani anahitaji mwona mbali kuliko yule ambaye bila vioo haoni namba ya daladala mpaka ifike mbele yake?

Haya, twende Uholanzi. Mwishoni mwa Septemba 1608 bwana mmoja aitwaye Hans Lipperhey alifika The Hague akiwa na mrija wenye vioo viwili. Alizaliwa Wesel, Ujerumani, akahamia mji wa Middelburg. Kazi yake? Fundi miwani. Siku hizo Waholanzi walikuwa kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita na Wahispania, kwa hiyo mji ulijaa mabalozi na majenerali. Kijitabu cha habari kilichochapishwa mwaka huohuo (aina ya gazeti la wakati ule, kwa hiyo aliyekiandika namhesabu mwenzangu kikazi) kinasimulia kwamba kutoka kwenye mnara pale The Hague watu waliweza kuona saa ya mji wa Delft na madirisha ya kanisa la Leiden. Spinola, jenerali wa upande wa Hispania, naye alionyeshwa. Akasema kuanzia sasa hatakuwa salama tena, maana wataweza kumwona angali mbali. Akajibiwa kwa utani kwamba askari watakatazwa kumpiga risasi.

Lipperhey aliomba hataza. Wakubwa wa serikali wakavutiwa, lakini wakawa na sharti: je, unaweza kutengeneza inayotazamwa kwa macho yote mawili? Kufikia Desemba alikuwa ameshawapelekea moja, na mwezi Februari 1609 akaongeza mbili. Alilipwa jumla ya gulden 900. Hataza hakupewa, kwa sababu walijitokeza watu wengine waliosema nao wanaijua siri hiyo.

Angalia jambo hili vizuri. Darubini ya macho mawili ilizaliwa miezi mitatu tu baada ya ile ya jicho moja kuonyeshwa, tena kwenye meza ya fundi aliyeishi kwa kuwauzia watu miwani. Miwani yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300; ilianzia Italia miaka ya 1280. Wateja wa duka la Lipperhey ni watu wenye macho mabovu. Lakini wateja wa darubini walikuwa wengine kabisa: wanajeshi na mabaharia. Na mimi naona hapo ndipo njia zilipoachana.

Mwaka uliofuata Galileo akatengeneza yake kule Padova, akaiboresha, akatazama mwezi, mengine mnayajua. Ila kuna mtu ambaye katika habari hii namwona muhimu kuliko Galileo, naye ni Johannes Kepler. Kepler aliugua ndui utotoni ikamharibia macho maisha yake yote. Mtaalamu wa nyota asiyeona nyota sawasawa! Labda ndiyo sababu alijiuliza swali ambalo wengine hawakulijibu: hivi miwani inafanyaje kazi? Watu walikuwa wameivaa karne tatu bila jibu. Katika kitabu chake cha 1604 Kepler alieleza kwamba picha ya tunachokiona hujengwa nyuma ya jicho, kwenye retina, kwamba asiyeona mbali picha yake inaishia kabla ya kufika hapo, na kwamba kioo cha miwani kinaisogeza mahali pake. Kisha mwaka 1611 akatoa kitabu kingine na kupendekeza darubini ya aina mpya, yenye lenzi mbili zilizobinuka nje, tofauti na ya Galileo ambayo lenzi ya upande wa jicho ilikuwa imebonyea ndani. Mwenyewe hakuijenga, wakaijenga wengine.

Hapa inabidi niingie kidogo kwenye fizikia, vumilieni, maana bila hii hamtaelewa kwa nini tunaona tundu la ufunguo.

Ukiishika darubini mbali na uso, mkono umenyooka, ukaielekeza kwenye mwanga (si kwenye jua, tafadhali), utaona kiduara cheupe kinang'aa katika kila lenzi ya upande wa jicho. Kiduara hicho ndicho mlango wa kutokea mwanga wote. Kwenye darubini ya Kepler, kinaelea hewani, milimita kadhaa nyuma ya lenzi. Mboni ya jicho ikikaa pale pale kilipo, unaona picha nzima mpaka ukingoni. Ukikaa nyuma yake, kingo zinakatwa. Ni kama dirisha dogo: ukilisogelea unaona mtaa wote, ukirudi nyuma hatua tatu unaona mlango wa duka moja. Kwenye darubini ya Galileo ni mbaya zaidi, kiduara kiko ndani ya mrija, huwezi kukifikia hata ukibandika jicho, kwa hiyo kila milimita unayorudi nyuma unapoteza.

Umbali huo kutoka kwenye kioo hadi mahali pa jicho tuuite nafasi ya jicho. Darubini nyingi za zamani zilikuwa na milimita 10 hivi. Sasa wewe mwenye miwani, kioo chako peke yake kinakaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, na bado hujahesabu ukingo wa darubini wenyewe. Umeshashindwa kabla hujaanza. Na hasara yake si ndogo kama inavyosikika. Ukiona nusu tu ya upana wa duara, eneo unaloliona ni robo. Umelipia ekari nne, umepewa moja.

Miaka mia mbili na zaidi hivi ikapita bila mengi ya kusimulia. Mwaka 1823 Voigtländer wa Vienna alitoa vidarubini vya kwenda navyo kwenye tamthilia, vya aina ya Galileo, vya macho mawili, vizuri kwa kujionyesha. Darubini ya Kepler ilikuwa na tatizo la kugeuza picha kichwa chini miguu juu. Wanajimu hawakujali, lakini nani anataka kumwona adui anatembea kwa kichwa? Dawa aliipata Ignazio Porro, afisa wa mizinga wa Italia, mwaka 1854: prizimu za kioo zinazokunja njia ya mwanga na kuinyoosha picha. Wazo zuri, ila vioo vya wakati ule havikuwa safi vya kutosha.

Aliyelimaliza jambo hilo ni Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani. Huyu nampenda, niruhusuni nichepuke. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha nyuzi, akisimama kwenye mashine saa 14 mpaka 16 kwa siku. Mtoto akawa profesa, akawa mshirika wa Carl Zeiss, na alipopata madaraka ya kiwanda akaweka siku ya kazi ya saa nane mwaka 1900, wakati viwanda vingi duniani havitaki hata kusikia. Pamoja na Otto Schott, aliyeanzisha kiwanda cha vioo hapo hapo Jena mwaka 1884, alipata kioo alichokitaka, na mwaka 1894 Zeiss wakaanza kuuza darubini za prizimu. Hataza yao ilipoisha mwaka 1908 kila mtu akaingia sokoni. Umbo lile la mabega mapana unaloliona kwenye filamu za vita linatoka hapo.

Lakini jicho lililofikiriwa lilikuwa lilelile. Mlango wa jicho ulizungushiwa kikombe kigumu cha ebonaiti, kirefu kiasi cha kumweka mtu mwenye macho mazima mahali sahihi. Kikombe hicho kikigonga kioo cha miwani kinakwaruza, na hakikunjwi wala hakishuki. Kwa maoni yangu hii haikuwa bahati mbaya. Mteja mkubwa ni jeshi, na jeshi linapima macho. Anayevaa miwani anarudishwa nyumbani. Kwa nini kiwanda kimfikirie?

Tatizo ni kwamba wenye miwani walikuwa wakipenya.

Theodore Roosevelt ni mmoja wao. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kwamba alipopewa bunduki yake ya kwanza akiwa kijana mdogo, alishangaa kuona wenzake wanapiga vitu ambavyo yeye havioni kabisa. Siku moja rafiki zake wakasoma kwa sauti tangazo la mbali, yeye hakuona hata herufi. Akamwambia baba yake, akanunuliwa miwani, na dunia ikafunguka. Aprili 1909, baada ya kumaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa safari ya uwindaji iliyowapeleka hadi Uganda na Sudan. Mwaka mzima. Wao wawili waliua wanyama 512. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa halioni, kwa ngumi aliyopigwa akicheza ndondi akiwa Ikulu. Alikuja kulitangaza jambo hilo mwaka 1917. Kwa hiyo mwindaji mashuhuri kuliko wote waliopita Afrika Mashariki alikuwa na jicho moja, tena la miwani. Darubini ya macho mawili ingemsaidia nini? Mara nyingi waliomwona mnyama kwanza walikuwa wabeba bunduki wake Waafrika, ambao majina yao hayapo kwenye sanamu yoyote. (Miwani ilimlipa fadhila kwa namna nyingine. Mwaka 1912 alipigwa risasi kule Milwaukee, na kasha la chuma la miwani mfukoni, pamoja na hotuba ndefu iliyokunjwa, vikapunguza nguvu ya risasi. Akapanda jukwaani akahutubia.)

Wa pili ni Harry Truman. Alivaa miwani tangu mtoto, na jicho lake la kushoto lilikuwa karibu si kitu. Alitamani chuo cha kijeshi cha West Point, macho yakamkatalia. Mwaka 1905 aliingia jeshi la akiba la Missouri, na inasimuliwa kwamba aliikariri chati ya kupimia macho. Mwaka 1918 yuko Ufaransa, kapteni wa mizinga, ana mizinga minne na karibu watu 200 chini yake. Kwenye mapigano ya Meuse-Argonne, mwishoni mwa Septemba, tawi la mti likampokonya miwani akiwa juu ya farasi. Akageuka kwa hofu, akaikuta imetua mgongoni mwa farasi huyohuyo. Kama ingeanguka kwenye matope tungekuwa na historia nyingine. Maana siku hizohizo alikuwa mbele na darubini yake, akaona Wajerumani wanapanga mizinga mahali ambapo wangeweza kuwashambulia askari wa divisheni ya jirani, ya 28. Amri ilisema apige tu mbele ya divisheni yake, ya 35. Akasubiri farasi wa adui waondolewe ili mizinga isiweze kuhamishwa, akapiga. Kanali wake akatishia kumshtaki kijeshi, shauri likaishia hapo. Mtu ambaye kanuni zilisema macho yake hayafai ndiye aliyeona.

Jaribu kumfikiria akihangaika na vile vikombe vigumu. Avue miwani asione ramani, aivae asione kingo za picha. Tena vita hivyohivyo vilileta barakoa ya gesi, na kioo cha barakoa kinaliweka jicho mbali na darubini kama miwani ifanyavyo. Ghafla hata mwenye macho mazima alikuwa mmoja wetu.

Kwa nini basi isubiriwe hadi 1958? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi kweli. Kupata nafasi ndefu ya jicho bila kupunguza upana wa picha kunataka lenzi kubwa na nyingi zaidi upande wa jicho. Kila uso wa kioo unapoteza kama asilimia 4 ya mwanga. Nyuso kumi, na theluthi moja ya mwanga imekwenda. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi Zeiss, aligundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba unaozuia mwanga kurudi. Jeshi la Ujerumani likaifanya siri. Hiyo ndiyo rangi ya zambarau au kijani unayoiona ukigeuza lenzi.

Sababu ya pili naipa uzito zaidi. Mwaka 1945 Wamarekani waliingia Jena, lakini mji ulikuwa umepangiwa Warusi. Kabla ya kuondoka wakachukua wataalamu zaidi ya 70 wakawapeleka magharibi, na Warusi nao mwaka 1946 wakang'oa mashine. Zeiss ikawa mbili, moja Jena, nyingine ikianza karibu na sifuri katika mji mdogo wa Oberkochen. Na jeshi la Ujerumani, mteja mkubwa, lilikuwa limevunjwa. Jipya liliundwa 1955. Kiwanda cha Oberkochen kikabaki kumtazama raia: mwindaji, mtalii, mtazama ndege, mzee aliyestaafu. Raia havuki chati ya macho ili anunue. Mwaka 1958 wakatoa darubini ya 8x30 yenye herufi B. B ni Brillenträger, Kijerumani cha "mvaa miwani".

Herufi moja tu. Wengine wakafuata: vikombe vya mpira vinavyokunjwa, na kuanzia miaka ya 1990 vikombe vinavyozungushwa juu na chini, Austria, Japani, na leo China.

Sasa ukienda kununua. Usidanganywe na namba kubwa za ukuzaji kwenye boksi. 7 au 8 zinatosha kwa Mikumi na kwa uwanja wa mpira, na kwa kawaida ndizo zenye nafasi nzuri ya jicho. Tafuta maelezo ya nafasi hiyo kwa milimita. Chini ya 15 achana nayo, 17 au 18 utakaa kwa raha, na kama fremu yako iko mbali na uso tafuta zaidi. Namba hiyo hupimwa kutoka kwenye kioo, na kioo mara nyingi kimezama ndani ya ukingo, kwa hiyo milimita mbili tatu zinapotea bila kuandikwa. Kama shida yako ni kutoona mbali tu, unaweza kuvua miwani na kurekebisha kwa gurudumu, mradi halikufiki mwisho mapema. Kama una astigmatizimu, usivue. Hakuna gurudumu linaloirekebisha. Mwenye miwani ya kusomea tu, aivue.

Shusha vikombe mpaka mwisho, toka nje ya duka, mchana, utafute bango lenye maandishi upande wa pili wa barabara. Liweke katikati, kisha bila kusogeza darubini angalia ukingo wa duara, kulia, kushoto, juu, chini. Ukingo uwe mkali, mweusi, na uonekane wote kwa pamoja. Muuzaji akikuharakisha, mwambie bado unasoma.